Mfululizo wa vitabu kuhusu maafisa wa manowari za angani, nianze na upi?

Mleta mada

Wakuu habari za humu ndani. Naomba mwongozo kwa wale wanaosoma hadithi za kivita za angani, zile za meli kubwa na maafisa wake. Nimeangalia na kusoma vitu vingi vya vita vya nyota ila vingi unakuta ni rubani mmoja kijana ana kipaji, anakaa kwenye kindege chake anapiga kona huku na huku anamaliza vita peke yake, hiyo kwangu imeshaisha ladha. Ninachotaka ni meli yenye mabaharia mia kadhaa, kuna kepteni, kuna luteni wa zamu, kuna chifu injinia anayekataa katakata kusema injini iko sawa wakati haiko sawa, na kuna amri imetoka juu ambayo kepteni anajua kabisa ni mbovu na bado anatakiwa aitekeleze, au atafute njia ya kuizunguka bila kuvunja sheria. Kwa kifupi nataka kumuona mtu akifanya KAZI ya uofisa.

Maswali yangu ni mawili. La kwanza nianzie wapi, maana majina yanatajwa sana, Honor Harrington, The Lost Fleet, halafu kuna huyo Daniel Leary, na kila mmoja ana vitabu vingi kweli, sitaki nifike kitabu cha tano ndo nagundua sio aina yangu. La pili ni kitu kinanisumbua, kwanini hawa waandishi karibu wote wanachukua jeshi la majini? Anga haina maji, haina upepo, haina mawimbi, kwa akili ya kawaida ungetegemea jeshi la anga ndo liwe mfano, lakini vyeo ni vya wanamaji, meli zina omo na tezi (yaani mbele na nyuma), zamu ni za melini. Ni mazoea tu au kuna sababu? Karibuni.

Baharia Msomaji

Mkuu naanza na swali la pili maana ukilielewa hilo, la kwanza karibu linajijibu.

Maji sio sababu, sababu ni umbali na habari. Rubani anaruka, saa chache baadaye amerudi, na muda wote huo mkubwa wake anaweza kumpata kwenye redio. Kepteni wa manowari ya matanga alikuwa anang'oa nanga na bahasha ya maagizo anapotea miezi, akikutana na jambo ambalo halimo kwenye yale maagizo hana wa kumuuliza, pale alipo yeye ndo serikali. Angalia vita ya majini ya Trafalgar, Waingereza wamepigana tarehe 21 Oktoba 1805 na admeri wao Nelson kafa siku hiyohiyo, lakini London habari imefika 6 Novemba, na hapo ni pwani ya Hispania tu sio mwisho wa dunia, na ilitumwa meli ndogo nyepesi, Pickle, ikimbie nayo. Au chukua vita ya New Orleans, Waingereza na Wamarekani wameshasaini amani kule Ghent, Ulaya, tarehe 24 Desemba 1814, halafu tarehe 8 Januari 1815 watu wakauana kwa mamia kwa sababu karatasi ilikuwa bado iko baharini.

Sasa peleka hiyo angani. Mwanga unakwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde na bado ujumbe kutoka hapa duniani mpaka Mars unachukua kati ya dakika 3 na 22 kutegemea sayari zimekaaje. Huo ni jirani yetu. Nyota kwa nyota ni miaka. Mwandishi analazimika abuni njia ya meli kupita spidi ya mwanga la sivyo hakuna stori, ila wale wajanja wanaipa meli tu njia hiyo, UJUMBE hawaupi. Mifululizo yote mitatu uliyotaja iko hivyo, habari ya nyota moja haifiki nyota nyingine bila meli kuibeba. Ghafla umerudi 1805. Luteni yuko mbali na makao makuu, kaona kitu, na uamuzi ni wake.

Na uamuzi huo unaweza kukuua hata ukitoka vitani ukiwa hai. Admeri John Byng wa Uingereza alipigwa risasi na watu wake mwenyewe tarehe 14 Machi 1757 juu ya sitaha ya meli, kosa lake ni kwamba mwaka mmoja nyuma kule Minorca hakufanya kila awezalo kumshinda adui. Hakuwa msaliti, mahakama yenyewe ilimuondolea tuhuma ya uoga, ila sheria ilikuwa inasema kifo basi kikawa kifo. Kwa hiyo ukisoma kepteni wa angani anasita kugeuza meli, ujue nyuma yake kuna Byng. Jeshi la anga halina historia ya namna hii, na mwandishi anaihitaji.

nyota_ya_jaa

Baharia umemaliza hapo. Mimi naenda kwenye swali la kwanza, anza na The Lost Fleet. Kitabu cha kwanza kinaitwa Dauntless, kilitoka 2006, vile vya mwanzo viko sita na safari yao inafika mwisho 2010 kwa hiyo huachwi njiani hata usipoendelea na vilivyofuata. Mwandishi anatumia jina Jack Campbell, jina lake halisi ni John G. Hemry, ofisa mstaafu wa jeshi la majini la Marekani, na kwenye kurasa inaonekana kabisa huyu mtu amewahi kukaa zamu.

Stori iko hivi. Kepteni John Geary mwanzoni kabisa mwa vita alibaki nyuma na meli yake kuwazuia adui wengine watoroke, akaingia kwenye chombo cha kuokolea, akalazwa usingizi wa muda mrefu. Anaokotwa baada ya miaka kama 100 na vita ni ileile bado inaendelea, na huku nyuma wameshamgeuza shujaa wa masimulizi. Kundi la manowari lililomuokota linaingia mtegoni ndani ya ngome ya adui, admeri anakwenda kujadiliana anauawa, sasa nani ashike uongozi? Hapo ndo mwandishi alinikamata. Hakuna kura, hakuna kutunishiana misuli, wanaangalia TAREHE ya kupandishwa cheo. Geary ukepteni wake una karne nzima, hakuna aliye hai anayemzidi ukongwe, basi kundi ni lake hata kama hataki. Na hii imetoka kwenye maisha halisi, kwenye jeshi la majini la Uingereza enzi za matanga ukishafika ukepteni kamili unapanda kwa nafasi yako kwenye orodha, wa mbele yako akifa au akipanda na wewe unasogea, mpaka siku unakuwa admeri, na mwenye akili kuliko wewe aliyeko nyuma anasubiri.

Mapigano yake sijaona kwingine yalivyoelezwa vile. Meli zinakwenda moja ya kumi ya spidi ya mwanga, kilomita 30,000 kwa sekunde, na adui anakuja hivyohivyo, mnasogeleana kama 60,000 kila sekunde. Kule kupishana kwenyewe hakufiki hata kufumba na kufumbua, binadamu haoni kitu, kompyuta ndo zinafyatua, unachofanya ni kusoma kwenye skrini nani bado yupo. Kwa hiyo kazi yote ya kamanda inafanyika kabla. Na huko kabla ndo kugumu, maana ukiwa saa moja ya mwanga kutoka kwa adui unamuona alivyokuwa saa moja iliyopita, na yeye anakuona wewe wa saa moja iliyopita, ukigeuza sasa hivi hajui mpaka saa ipite, na akijibu hutajua mpaka saa nyingine ipite. Geary anakaa pale anapima, nikigeuza mapema ataniona atabadilisha, nikichelewa meli hazitawahi kujipanga. Halafu meli zake mwenyewe zimetawanyika, ya karibu inasikia amri sekunde hiyohiyo, ya pembeni kabisa inaisikia baadaye, ndo maana kila amri inatoka na saa yake ya kutekelezwa ili wageuke wote kwa pamoja. Mara ya kwanza kusoma hiyo sehemu nilirudia.

Kingine, karne ya kuuana imemaliza maafisa wazoefu. Waliobaki hawajui tena kujipanga, wanajua kukimbilia mbele kila mmoja atafute sifa, na makepteni wamezoea kupigia kura maamuzi ya admeri. Kazi ya Geary ni kufundisha upya vitu ambavyo kwenye enzi yake kila luteni alikuwa anavijua, huku mafuta yanapungua na nusu ya makepteni wanamuona amepitwa na wakati.

Mama Vitabu

Ndugu yangu nyota nakubaliana na mengi ila kwa maneno ya mleta mada mwenyewe, kazi ya uofisa, jibu ni Honor Harrington. Kitabu cha kwanza ni On Basilisk Station cha David Weber, 1993. Weber amekitoa kwa heshima ya C.S. Forester, yule aliyeandika habari za Horatio Hornblower kuanzia 1937, na hata herufi za majina zimefuatana, H.H. na H.H.

Nikueleze kwanini hicho kitabu. Kamanda Harrington anapewa kruza ndogo ya zamani, Fearless, anafurahi, anafika anakuta wakubwa wameing'oa sehemu kubwa ya silaha zake za kawaida wamefunga silaha mpya ya majaribio ambayo haifanyi kazi mpaka adui awe karibu mno. Kwenye mazoezi ya kwanza anafanikiwa kwa kushtukiza. Baada ya hapo kila mtu anaujua ujanja wake na meli inapigwa zoezi baada ya zoezi, mabaharia wanavunjika moyo, wanamchukia kepteni, na admeri mwenye wazo la ile silaha anaona aibu, anaitupa meli kituo cha Basilisk, mahali ambapo jeshi linatupa watu lisiowataka. Kule anamkuta mkubwa wake ana chuki naye ya siku nyingi, huyo anachukua meli yake anakwenda matengenezo anamwachia mfumo mzima wa nyota alinde na hicho chombo kimoja.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote haina hata kombora. Anakaa na orodha ya watu wake na orodha ya majukumu ya kituo, watu hawatoshi, anaanza kugawa. Hawa wakakague mizigo ya meli za biashara maana forodha imelala, hawa washuke sayarini, hawa watengeneze vyombo vya kunusa nani anapita, na msaidizi wake ambaye kimoyomoyo anamuonea wivu inabidi aamue atafanya kazi au atanuna. Meli nzima inabadilika kwa sababu ya RATIBA. Mleta mada, kama hilo litakuchosha basi hii aina yote achana nayo. Likikushika, umeshikwa.

Na meli zake zimebuniwa kwa makusudi. Injini ikiwashwa inaweka tabaka moja la mvutano juu na jingine chini ambalo hakuna silaha inapenya, ubavuni kuna ngao dhaifu kidogo, omo na tezi ziko wazi. Umeona? Hapo hapo amekurudishia mizinga ya ubavuni, na amekurudishia ile mbinu ya kumkingamia adui mbele ya omo yake umpige na ubavu mzima yeye akujibu kwa silaha chache, kama admeri Togo wa Japani alivyowakingamia Warusi kule Tsushima Mei 1905. Fizikia ni ya kubuni ila akishaiweka haivunji.

Tahadhari ni kwamba Weber anapenda kueleza. Kwenye hicho kitabu cha kwanza tuko kwenye mbio za mwisho, moyo uko mdomoni, anasimamisha kila kitu akueleze historia ya injini za kupita spidi ya mwanga. Ruka hizo kurasa, hutapoteza kitu. Mfululizo mkuu una vitabu 14 hadi Uncompromising Honor cha 2018, na vya mwishoni watu wanakaa vikao kuliko wanavyokaa melini. Ushauri wangu soma mpaka cha nane, kwa sababu cha saba na cha nane ni stori moja ukisimama katikati hutalala, halafu hapo ujipime.

kimbunga_77

Naomba niseme kitu kuhusu Harrington ambacho wapenzi wake huwa wanakipita haraka. Siasa zake. Adui ni Jamhuri ya Haven ambayo imejengwa wazi kabisa juu ya Ufaransa ya mapinduzi, kuna kamati ya usalama wa umma, mji mkuu ni Nouveau Paris, kiongozi anaitwa Rob S. Pierre, litamke hilo jina haraka utamsikia Robespierre, yule kiongozi wa mapinduzi wa 1793. Na vitabu vya mwanzo vinasema karibu waziwazi kwamba Haven imeoza kwa sababu watu wa chini wanalishwa na serikali, huku upande wa Harrington, wa malkia na malodi, ndo wenye heshima. Kuna malodi wabaya pia, sawa, ila mfumo wenyewe hauulizwi. Mimi hilo linanikera na nadhani msomaji mpya aingie akijua.

Lakini pia nimtendee haki, Weber mwenyewe anakomaa. Kadiri unavyokwenda anaanza kukupeleka ndani ya manowari za Haven, na hapo anaweka kitu kizuri sana, kila kepteni amewekewa kamisaa wa siasa pembeni yake anayeweza kutengua amri. Unganisha na alichosema Baharia hapo juu. Upande mmoja ofisa anaogopa kwa sababu anaamua peke yake, upande wa pili ofisa hodari hawezi kuamua kitu bila kumtazama mtu ambaye hajui omo wala tezi na ambaye akiripoti vibaya familia yake nyumbani imekwisha. Kuna maafisa wa Haven kama Theisman niliwapenda kuliko nusu ya upande wa Harrington mwenyewe. Kwa ajili yao nilisamehe mengi.

Luteni wa Zamu

Mbona Leary kasahaulika jamani. With the Lightnings, David Drake, 1998. Daniel Leary ni luteni, hana pesa, baba yake ni mwanasiasa mzito na wamekosana. Adele Mundy ni mkutubi, familia yake iliuawa kwenye msako wa wale walioitwa wala njama, na baba yake Daniel ndo alikuwa nyuma ya ule msako. Hawa wawili wanakuwa marafiki. Sio wapenzi, MARAFIKI, na ndo uti wa mgongo wa mfululizo mzima. Daniel anajua meli na matanga, huyu mama anajua kumbukumbu na mawasiliano, anavyopekua mifumo ya adui inatisha kuliko kombora, na bastola anapiga bila kukosa halafu usiku wanamrudia wote aliowaua. Drake alitumikia jeshi kwenye vita ya Vietnam na hajaandika kifo hata kimoja kirahisi.

Na kwa wanaouliza kuhusu upepo, humo meli zina milingoti na matanga kweli. Sio ya upepo, ni ya kuielekeza meli ikiwa nje ya anga ya kawaida, na mabaharia wanavaa mavazi ya anga wanatoka nje kwenye mwili wa meli kufungua tanga lililokwama kwa mikono. Kepteni mzuri anakwenda juu ya mlingoti mwenyewe kuangalia anga ilivyokaa na anakata njia kwa hisia, anawahi siku kadhaa kuliko anayefuata kompyuta. Ukitaka harufu ya bahari hakuna anayemkaribia.

Mleta mada

Wakuu nashukuru mno, sikutegemea majibu ya uzito huu. Hilo la tarehe ya kupanda cheo na hilo la ratiba ndo vitu hasa nilikuwa natafuta nikashindwa kuvitaja. Nimeshaamua naanza On Basilisk Station kisha naenda Dauntless. Nina wasiwasi mmoja tu, kuna mtu aliniambia The Lost Fleet watu wake ni wembamba, yaani zaidi ya Geary wengine ni majina tu. Ni kweli? Na je kuna wowote ambao ofisa anaanza chini kabisa, yaani hajawa hata kepteni?

nyota_ya_jaa

Kuna ukweli ndani yake, siwezi kukubishia. Makepteni ni wengi mno na wengine utawatambua kwa meli zao tu, na vikao vyao vinajirudia. Ila Desjani, kepteni wa meli anayokaa Geary, mfuatilie toka mwanzo. Anaanza kama muumini wa yule shujaa wa masimulizi, na amezaliwa ndani ya vita haoni tatizo kuua mateka, Geary anawakataza, na Desjani anapaswa kumtii mtu anayemuabudu huku anaona anakosea. Anavyobadilika taratibu kitabu kwa kitabu, na yeye anavyombadilisha Geary upande wa mapigano, sio wembamba ule.

Mama Vitabu

Wa kuanza chini mtafute Elizabeth Moon, naye amewahi kutumikia Marine wa Marekani. Trading in Danger, 2003. Ky Vatta anafukuzwa chuo cha maafisa kwa sababu alimsaidia mtu akaingiza chuo kwenye fedheha, familia yake ya wafanyabiashara inampa meli kuukuu aipeleke kukatwa chuma chakavu, basi, hiyo ndo amri yake ya kwanza. Kila kitu alichofundishwa cha uofisa anakitumia kwenye meli isiyo na silaha yenye mabaharia waliomzidi umri, wanaomtazama kama mtoto wa bosi. Ukimaliza Basilisk kipitie kabla ya Dauntless, vinakaa vizuri pamoja, na ukifika ile sehemu ya kugawa watu kwenye Basilisk rudi hapa utuambie.

Baharia Msomaji

Nyongeza ndogo kwa mleta mada. Ukianza Basilisk, yale majina ya mifumo ya nyota na njia zake yaandike pembeni mapema, hasa ile makutano ambayo meli zinapita kutoka nyota moja kwenda nyingine mara moja bila safari ndefu. Utajiri mkubwa wa ufalme wa Harrington unatoka kwenye ushuru na biashara ya hapo, na ukishajua nani anatamani mlango upi, utaelewa kwanini mtu atume meli mpaka kwenye kituo ambacho wakubwa wake Harrington walikiona jalala.